Sakafu Yenye Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilichemsha vipimajoto. Nawaambia mapema, ninyi mnaoanza kazi ya uhudumu wa afya, ili msome yanayofuata mkijua anayewaandikia ni mtu wa namna gani. Nesi Paskazia, aliyekuwa mkuu wa zahanati yetu, alinikabidhi sinia la vifaa akasema nichemshe mpaka maji yatokote vizuri. Koleo, mikasi, sindano zile za kioo za zamani, vyote nikavitumbukiza. Vipimajoto vilikuwa vimelala pembeni kwenye glasi ya spiriti. Nikaviangalia nikavionea huruma. Hivi navyo si vinaingia midomoni na makwapani mwa watu? Nikavitumbukiza.

Nilikuwa na kidato cha nne, na cheti kilichodai kwamba nilisoma fizikia. Kipimajoto cha binadamu kinaishia nyuzi arobaini na kidogo. Maji yanachemka kwenye mia. Vikaanza kupasuka kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayejivunja vidole akiamka. Nikashtuka, nikaiondoa sufuria jikoni kwa mikono mitupu, nikaiachia. Maji yakaenda yanakokwenda maji. Zile punje za zebaki, nyeupe kama fedha, nazo zikaenda zao, zikatawanyika sakafuni kama zimeitwa na mtu.

Nesi Paskazia hakunifokea. Alifunga gauni lake vizuri, akapiga magoti, akachukua kipande cha jani kavu la mgomba na kuanza kuzisukuma punje taratibu kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio tayari.

"Weka hiyo," aliniambia. "Usiifukuze. Ukiifukuza inazaa."

Na kweli, ile niliyokwisha kuigusa kwa ufagio ilikuwa imezaa. Punje moja ilikuwa kumi, na zile kumi zilikuwa zinaingia kwenye nyufa za saruji moja moja, bila haraka. Jioni hiyo pete ya ndoa ya Nesi Paskazia, dhahabu ya kweli, ilikuwa nyeupe kama bati. Alisema mumewe alimuuliza pete hiyo ni ya nani.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Sehemu kubwa vilinipita, nami sikuvikimbilia. Niliichukua kazi ile kwa sababu zahanati ilipakana na kibanja changu, shamba langu la migomba. Nilizaliwa Ndama nikaolewa huku Kamuli, na safari ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Mpaka leo naona sijaipumzikia vya kutosha. Kazini niliweza kusikia sufuria yangu ya ndizi ikifurika, nikaruka uzio, nikapunguza moto, nikarudi kabla mgonjwa hajamaliza kuvua shati. Wakati wilaya ya Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe na ofisi kuanza pale Rubwera, waliniita nihamie huko. Nikaenda, nikaona maduka, nikaona bodaboda, nikapanda gari la kurudi. Nilisema mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa na habari.

Kazi yangu hasa ilikuwa chumba cha vidonda. Mlango mmoja, dirisha moja, kitanda cha chuma, meza, na jiko la mkaa pembeni la kuchemshia vifaa. Dirisha tulilifunga ili vumbi la barabarani lisiingie kwenye vidonda vya watu. Hapo ndipo Nesi Paskazia alinifundisha yote ninayoyajua. Bandeji iliyokauka ilowekwe kwanza, kwa sababu kidonda hakina haraka, mwenye haraka ni wewe. Mzee wa mifugo akija na mguu uliooza hapaswi kuulizwa kwa nini umechelewa, aulizwe ng'ombe hawajambo. Ukimuuliza la kwanza atadanganya. Ukimuuliza la pili atakaa mpaka umsafishe mguu wote. Na kipimajoto hukung'utwa mbali na kitanda, mbali na meza, mbali na ukuta. Hilo la mwisho nililielewa lakini mkono wangu haukulielewa. Wala mkono wa mtu mwingine yeyote. Kila baada ya muda kimoja kiligonga chuma cha kitanda, na mara mbili mashine ya presha, ile ya bomba la kioo, ilianguka kutoka mezani. Sakafu ilipokea.

Kulikuwa na mtoto wa wafugaji aliyekitafuna kipimajoto kabisa, akameza kilichokuwa ndani. Mama yake alianza kulia kilio cha msiba. Nesi Paskazia aliosha mdomo wa mtoto, akatoa vipande vya kioo, akampa maziwa na ndizi mbivu, akawaambia warudi asubuhi. Asubuhi walirudi na mtoto aliyeomba ndizi nyingine. Miaka mingi baadaye ndipo niliambiwa kwamba kitu hicho ukikimeza hupita, lakini ukikivuta kwa pua hukaa. Sisi tulilinda mdomo. Pua hatukuifikiria, kwani zebaki haikuwa na harufu yoyote.

Sasa niwaeleze macho.

Alasiri, jua likishuka upande wa milima ya Rwanda, mwanga wake uliingia kwa lile dirisha ukalala chini sakafuni. Dakika hizo tu. Na katika nyufa za saruji, kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda, kulifunguka macho. Madogo, meupe, yanang'aa, mengine mawili mawili. Ukisogea, nayo yanasogea na wewe. Wingu likipita yanafumba. Mgonjwa mmoja aliyelazwa pale akisubiri gari aliyaona, akashuka kitandani na mguu wake mbovu, akaenda kulala nje kwenye nyasi. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba chumba cha vidonda kina wenyewe, na kwamba ni waliofia pale ambao hawakuzikwa kwao. Tuliozoea tulijua ni zebaki. Lakini kujua hakukunisaidia sana. Alasiri nilikuwa naingia mle nikitazama dari.

Wagonjwa walianza kukataa kuingia. Nesi Paskazia akapata dawa, dawa ya kwetu. Ninyi wa leo mnatandika mazulia ya plastiki, lakini zamani nyumba ya sisi Wanyambo ilitandikwa nyasi, safi, nene, zinanukia, na mgeni alikaa juu yake akajisikia amepokelewa. Basi tukatandika nyasi chumba cha vidonda. Macho yakafunikwa. Wagonjwa wakarudi, wengine wakasifu kwamba sasa zahanati imekuwa na adabu. Nyasi zikichakaa nilizikusanya pamoja na vumbi la chini, nikatandika mpya.

Na zile kuukuu? Hapo anaingia jirani yangu wa upande wa bondeni, Ta Byabato. Kwetu mwanamume mtu mzima ni Ta, na mwanamke ni Ma. Yeye ananiita Ma Kemi kwa jina la binti yangu. Ta Byabato ni mzee wa kanisa, mjane, na alikuwa mtu wa kwanza upande wetu kuchimba bwawa la samaki. Mtaalamu alimwambia samaki wanataka mboji, atupe nyasi zilizooza kwenye kona ya bwawa, maji yawe kijani. Akaniomba nyasi za zahanati. Mimi nikafurahi kama mjinga, sina pa kuzitupa. Nikawa namrushia mafungu juu ya uzio, naye ananirushia utani.

"Ma Kemi, wenzako wanafanya kazi mpaka wanatoka jasho. Wewe kazi yako ni kurusha nyasi?"

Nikamjibu kwamba wanawake waliokimbilia kazi wote wameshakufa, mimi nipo. Alipovua perege, aliniletea. Kambare nao walipokua, aliwapelekea wakwe zake wa kiume na wa kike, na zaidi mkwe wake, mke wa mwanawe, kila alipokuwa mjamzito. Alitamba kwamba wajukuu wake wanajengwa kwa samaki. Sisi wa zahanati tulimsifu. Ubaoni tulikuwa na picha ya samaki, imeandikwa chakula bora kwa mama.

Nesi Paskazia alikuwa mcheshi, sauti yake ilisikika mpaka kisimani. Sijui ni lini hasa alianza kupungua. Kwanza mwandiko, herufi zake zikaanza kutetemeka kwenye kadi za wagonjwa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Kisha usingizi ukamkimbia. Kisha ikaja aibu. Mama huyu aliyewahi kumzalisha mwanamke kwenye kibaraza cha baa, watu wakiangalia, akawa anajificha nyuma ya mlango akisikia hatua za mgonjwa. Alinituma mimi kuongea na watu. Ukimtazama usoni alifunika uso kwa mkono, na mkono ukatetemeka. Watu wakasema chumba kimemchukua. Walitaka kuleta mtu wa kutambika. Ta Byabato aliwatolea maneno makali, akasema mizimu ni ujinga wa watu wasiosoma neno, akaleta wanakwaya wakaimba mle ndani siku nzima, dirisha limefungwa, jiko linawaka.

Alipostaafu nilimtembelea kwao. Alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia la chumbani. Nilisikia kikombe chake kikigonga kisahani muda wote, ti-ti-ti-ti, hata alipokuwa amenyamaza. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Bado yanaangalia?"

Nikasema tumeyafunika. Akasema vizuri. Amekwisha kufa, kwa ugonjwa ambao kwenye karatasi uliitwa uzee.

Mimi je? Mkono wangu wa kulia unacheza kidogo nikimimina chai, na mnaweza kusema ni miaka. Kilichonipa nafuu si akili. Ni uvivu wa mtu wa nyumbani. Nusu ya saa zangu za kazi nilikuwa upande wa pili wa uzio nikigeuza ndizi. Mkaguzi mmoja aliniandika kwamba sipatikani kwenye kituo cha kazi. Ningempata leo ningempikia.

Yote haya niliyaelewa karibu na kustaafu, kwenye semina Rubwera, mojawapo ya chache nilizoshindwa kuzikwepa. Ofisa afya aliyefundisha alikuwa binti anaitwa Adventina, mwembamba, anaongea taratibu kama anayemsomea mtoto. Alituambia vipimajoto vya zebaki vinaondolewa, vinakuja vya betri. Kisha akaeleza sababu. Zebaki haiozi. Ukiichoma inapanda na moshi na kushuka na mvua. Ikikaa kwenye chumba chenye joto inatoka kidogo kidogo, haionekani, hainuki, inaingia kwa pumzi mpaka kwenye ubongo, na mtu anaanza kutetemeka, kukosa usingizi, kuona aibu isiyo yake. Ikifika kwenye matope ya maji yaliyotulia, vidudu visivyoonekana vinaigeuza kitu kingine kibaya zaidi, na hicho ndicho kinachoingia kwa samaki. Samaki mdogo anakuwa nacho kidogo. Mkubwa anayekula wadogo anakusanya cha wote. Na mama akila, mtoto tumboni anapata. Na haiishi: mwaka huu, mwakani, hata wakati wa wajukuu.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimekaa nasikia ti-ti-ti-ti.

Nilimfuata Adventina wakati wa chai nikamwambia habari za sakafu. Alikuja, akaona, akaamuru chumba kifungwe mpaka watu wenye vifaa wafike. Tukafunga. Mkuu wa zahanati wa wakati huo akahamishwa, na maagizo yakahama naye. Nami nikastaafu, nikapewa jembe na kitenge, nikaruka uzio nikidhani ni mara ya mwisho.

Miezi michache baadaye zahanati mpya ikakamilika upande wa juu, na serikali ya kijiji ikaamua jengo la zamani libomolewe. Ta Byabato aliomba kifusi, akapewa mbele ya mkutano, na hakuna aliyepinga. Mvua za masika zilikuwa zimebomoa ukingo wa bwawa lake. Kila mvua ikinyesha maji yalikula udongo zaidi, na mvua kubwa moja tu ingebeba bwawa zima mpaka kwenye chemchemi ya chini, ambako nusu ya kijiji tunachota maji. Vipande vya saruji ndivyo vingeushika ukingo. Alikuwa na haki kabisa, na alikuwa na haraka.

Mimi mkutanoni sikwenda. Nilikuwa nyumbani, niko wapi tena. Niliposikia nyundo ndipo nilipotoka. Vijana walikuwa wameezua mabati, wamemaliza chumba cha dawa na wanaelekea mlango wa chumba cha vidonda, na Ta Byabato anasubiri na mkokoteni. Nikapita uzio na aproni yangu ya jikoni, nikasimama mlangoni. Nikasema vyumba vingine vyote achukue, sakafu ya chumba hiki hapana.

Ta Byabato alinitazama kama mtu aliyeona kuku akisimamisha gari. Akauliza tangu lini nimekuwa mwenye jengo. Nikamweleza zebaki, nikaeleza vibaya, nikachanganya vidudu na moshi na wajukuu. Vijana wakaanza kucheka. Mmoja akasema mama huyu analinda mizimu yake.

"Ma Kemi," alisema Ta Byabato, na safari hii hakuwa anatania. "Wingu lile unaliona? Likifika hapa, mimi sina bwawa. Toka mlangoni."

Sikutoka. Basi nikamwambia kijana mwenye nyundo aingie apige mara moja tu, pale katikati, kilipokuwa kitanda, halafu wataamua wenyewe. Tukaziondoa nyasi za mwisho, zilizokuwa zimekauka na kuwa kijivu. Akapiga. Saruji ikavunjika kama bamba la mkate mkavu. Akainua kipande.

Chini yake udongo ulikuwa umefanya kishimo, na ndani ya kishimo ilikuwepo. Haikuwa punje tena. Ilikuwa imekusanyika kwa miaka yote ile, kipande kimoja chenye uzito, kimetulia, kinang'aa kama kimeoshwa leo. Kijana akaweka nyundo chini, na ule mtikisiko mdogo ukaifanya itetemeke yote, polepole, kisha ikatulia tena. Ilituonyesha sura zetu zikiwa ndogo, zimekusanyika juu yake. Hakuna aliyecheka. Kijana alirudi kinyumenyume mpaka nje.

Adventina alikuja kesho yake na watu wawili wenye glavu na barakoa. Kilichokuwa kwenye kishimo walikikusanya kwenye chupa nzito. Kilichomo kwenye nyufa, kwenye udongo, kwenye plasta, walisema hakiwezi kukusanywa na mikono; chumba kisimame kama kilivyo, sakafu ifunikwe saruji mpya, kuta zibaki, asiingie mtu. Ta Byabato alikuwa amesimama kando. Alikuwa amekwisha kukubali. Alisema atatafuta mawe mlimani, na akanipa buni za kutafuna kutoka mfukoni mwake, jambo ambalo kwetu ni kuomba radhi bila kulisema. Nilikuwa natafuna ya kwanza wakati Adventina aliponiuliza, huku akiandika, kama anayeuliza saa:

"Na nyasi mlizokuwa mnatandika, mlikuwa mnatupa wapi?"

Nilimgeukia Ta Byabato, naye akanigeukia, na wote wawili tukageuka tukatazama bondeni.

Walichukua matope ya bwawa, wakachukua perege na kambare. Majibu yalikawia mpaka tukaanza kutumaini. Yalipokuja Adventina aliyasoma akiwa amesimama. Matope yanayo. Perege wadogo wanayo kidogo. Kambare wakubwa wanayo kupita kiasi cha kuliwa. Asiwauze, asiwale, na mjamzito asiwaguse. Na matope yasichimbwe wala bwawa lisifunguliwe, maana likifunguliwa linakwenda kwenye chemchemi. Ukingo ulipaswa kushikiliwa imara kuliko mwanzo, ili bwawa lisilofaa kitu libaki mahali pake. Muda gani? Adventina alisema hata yeye hatakuwepo.

Ta Byabato aliuliza swali moja. Mjukuu wake wa kati ana miaka minne na hajasema neno zaidi ya mama. Adventina alikataa kusema ndiyo. Akakataa pia kusema hapana. Aliandika jina la mtoto ili apelekwe hospitali ya rufaa kupimwa, na kalamu yake ilichukua muda mrefu kwa jina fupi.

Basi vijana wangu, haya ndiyo mambo ya kazi ninayoweza kuwaachia. Fungueni madirisha. Mkikuta kipimajoto cha kioo kwenye droo, msikitupe, msikichome, kiwekeni kwenye chupa ya kufunga na mwiteni ofisa afya. Na mkitupa kitu, jiulizeni nani yuko chini yenu kwenye mteremko.

Mawe tuliyabeba wote, hata mimi niliyeumwa mgongo maisha yangu yote. Ukingo umeshika. Bwawa ni zuri kuliko zamani kwa sababu hakuna anayelisumbua. Maji ni ya kijani, yametulia, kambare wananenepa mle wenyewe kwa wenyewe. Kuna korongo mmoja anashinda pale. Zamani Ta Byabato alimfukuza kwa mawe, siku hizi anamwacha. Korongo huyo husimama kwa mguu mmoja asubuhi yote. Akimwona samaki anapiga mdomo majini kwa nguvu, pembeni ya samaki. Anajaribu tena, pembeni. Mwanzo tulimcheka kwamba amelewa rubisi.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa na Ta Byabato pale juu ya mawe, tunamtazama. Chumba cha vidonda kinaonekana nyuma yetu, peke yake, bila paa, mlango umepigwa mbao. Mjukuu wake alikuwa anacheza mbali na maji, kimya. Ta Byabato alitafuna buni mpaka zikaisha utamu, akatema, akasema:

"Ma Kemi, mimi ni mzee wa kanisa, lakini heri ingekuwa mizimu. Mzimu unauchinjia mbuzi, unakula, unaondoka."